Shajara, ushahidi na stadi za kujifunza katika Mradi Binafsi: maswali ninayoulizwa kila mwaka

Kila wanafunzi wa mwaka wa tano wa MYP wanapoanza Mradi Binafsi, maswali yanayonifikia ni karibu yaleyale. Mengi hayahusu mradi wenyewe. Mtoto anajua anachotaka kutengeneza, ila hajui ataonyeshaje kwamba alijifunza alipokuwa akikitengeneza. Nimesimamia miradi hii miaka kadhaa huku pwani, na majibu haya nimeyaandika kama ninavyoyatoa darasani. Yapo pia maswali ya wazazi.

Mradi Binafsi ni nini, na stadi za kujifunza zinaingilia wapi?

MYP ni programu ya miaka ya kati ya International Baccalaureate (IB), shirika la elimu la kimataifa, kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 16. Ilianza mwaka 1994. Kwetu iko katika shule kama International School of Tanganyika ya Dar es Salaam, UWC East Africa ya Moshi na Arusha, na Aga Khan Academy ya Mombasa. Mwanafunzi wa mwaka wa tano hufanya mradi wa peke yake. Huchagua jambo linalomgusa, hujiwekea lengo la kujifunza, hutengeneza kitu, kisha huandika ripoti. Muda unaotarajiwa ni kama saa 25.

Ripoti hupimwa kwa vigezo vitatu, kila kimoja alama 8: kupanga, kutumia stadi, na kutafakari. Jumla ni 24. Hebu angalia hapo. Theluthi nzima ya alama imewekwa kwa ajili ya kueleza stadi ulizotumia na kuzithibitisha. Hakuna kigezo kinachopima uzuri wa kitu ulichotengeneza. Nimeona mwanafunzi mwenye kazi ya mikono ya kupendeza akipata alama za chini kwa sababu ripoti yake ilisifu kazi na haikueleza ilivyofikiwa. Huwa inaniuma, maana najua alijifunza mengi, lakini msahihishaji hakuwa naye jikoni wala karakana. Anasoma karatasi tu.

Stadi zenyewe ni zipi? Nichukue ngapi?

Zimegawanywa katika makundi matano: kufikiri, mawasiliano, kushirikiana na watu, kujisimamia, na utafiti. Ndani yake kuna vifungu kumi. Kufikiri kuna fikra tunduizi (kuchunguza na kupima jambo kabla ya kulikubali), ubunifu, na kuhamisha ujuzi kutoka jambo moja kwenda jingine. Kujisimamia kuna kupanga kazi, kumudu hisia, na kutafakari. Utafiti una kutafuta na kupima taarifa, na kuelewa vyombo vya habari. Mawasiliano na ushirikiano kila kimoja ni kifungu kimoja.

Usijaribu kuzitaja zote kumi. Chagua mbili au tatu ambazo kweli zilikubeba, na uzieleze mpaka msomaji aone. Anayetaja kumi huishia kuandika sentensi moja moja ya kila stadi, na sentensi moja haithibitishi chochote. Wala usizichague mwezi wa kwanza ukajifunga nazo. Anza kazi, andika, halafu rudi kwenye shajara uulize: ni wapi nilikwama, na nilijikwamuaje? Hapo ndipo stadi zako zilipo.

Shajara haitolewi alama. Kwa nini basi niiandike?

Ni kweli, shajara ya mchakato haipelekwi kwa wasahihishaji kama ilivyo. Lakini ushahidi wote wa kigezo cha pili hutoka humo. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanazungumzia biashara, ila mwanafunzi pia ana mali, nayo ni yale mambo madogo aliyoyaamua siku baada ya siku. Ukifika mwezi wa sita utakumbuka kwamba kazi ilikuwa ngumu. Hutakumbuka kwamba Jumanne fulani ulikuwa na njia mbili mbele yako, ukachagua moja kwa sababu fulani. Sababu ile ndiyo stadi, na hupotea haraka kuliko kitu kingine chochote.

Hakuna aina ya shajara inayolazimishwa. Wapo wanaotumia daftari la kawaida, wapo wanaojirekodi sauti kwenye simu, wapo wanaochora. Chagua ile ambayo mkono wako utaifuata hata ukiwa umechoka. Ila weka nakala. Kijana mmoja niliyemsimamia alikuwa na kumbukumbu zake zote kwenye simu, ikamponyoka akipanda boti. Tulikusanya kilichobaki kwenye ujumbe alionitumia mimi na alioutuma kwa shangazi yake, tukapata robo ya kazi. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wangu hupiga picha kurasa za daftari kila Ijumaa na kuzihifadhi mahali pa pili.

Niandike nini hasa? Nikikaa mbele ya daftari naandika "leo nimeendelea na mradi" halafu sina zaidi.

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa mfano mrefu.

Binti mmoja alichagua mkate wa kumimina. Kwao ulipikwa kila mwezi wa Ramadhani, na alikuwa amejiuliza tangu utotoni kwa nini mkate wa mchele unaumuka na kuwa na vitundu, ilhali mchele hauna gluteni, ile protini inayoufanya unga wa ngano unyumbulike. Hilo likawa lengo lake la kujifunza: kuelewa uumukaji wa mchanganyiko wa mchele. Kitu alichokusudia kutengeneza kilikuwa kijitabu cha mapishi kinachomwezesha mtu ambaye hajawahi kuupika aupike vizuri, kwenye jiko la mkaa au kwenye oveni.

Wiki mbili za kwanza shajara yake ilikuwa hivi: "Leo nimepika tena. Haukutoka vizuri. Nitajaribu kesho." Siku kumi na nne, maneno yaleyale. Nilimwita nikamuuliza, "Haukutoka vizuri vipi?" Akaanza kunieleza, na katika dakika tano alizungumza mambo ambayo yangejaza kurasa tatu. Nikamwambia, "Mwanangu, hayo unayoniambia mimi, liambie daftari."

Siku iliyofuata aliandika hivi:

"Jumamosi, jaribio la 15. Mchele vikombe 2, nimeuloweka usiku kucha. Tui zito kikombe kimoja na nusu. Hamira kijiko kidogo 1. Nimesaga, nimefunika, nimesubiri saa nzima na nusu, haukuumuka. Nilidhani hamira imekufa. Nimechukua hamira ya pakiti hiyohiyo, nimeitia kwenye maji vuguvugu yenye sukari, imetoa povu ndani ya dakika 10. Kwa hiyo hamira ni nzima. Nakumbuka tui nilikuwa nimelichemsha kidogo nikalimimina likiwa bado la moto. Kesho nabadilisha hilo tu. Mengine yote yabaki vilevile."

Soma tena kuanzia pale alipodhani hamira imekufa. Mtoto huyu hakutaja stadi yoyote, lakini fikra tunduizi imejaa humo. Alikuwa na dhana, akaipima, ikakataliwa, akatafuta sababu nyingine, akaamua kubadilisha kitu kimoja tu ili ajue nini kimeleta tofauti. Kesho yake aliandika mstari mmoja: "Tui nimelipoza mpaka kidole kinavumilia. Umeumuka hadi ukingoni mwa bakuli." Maandishi ya siku mbili hizo, pamoja na picha mbili za bakuli lilelile kabla na baada, yalitosha ukurasa mzima wa ripoti, na ulikuwa ukurasa mzuri kuliko zote.

Basi ukikaa mbele ya daftari, jiulize mambo haya, si lazima yote: nilikusudia nini leo? Nini kilitokea tofauti? Niliamua nini, na kwa nini si vinginevyo? Kesho nabadilisha nini? Ukiwa na dakika tano tu, andika uamuzi na sababu yake. Mengine utayajaza baadaye. Na siku ambayo hakuna kilichotokea, usiandike. Shajara yenye maandishi kumi na mawili mazito ni bora kuliko yenye sitini matupu.

Nimepitisha miezi miwili bila kuandika. Niandike sasa na kuweka tarehe za nyuma?

Usifanye hivyo. Ni udanganyifu, na mara nyingi huonekana, maana mtu anayetunga shajara kwa siku moja huandika kwa sauti moja, kwa kalamu moja, bila mashaka yoyote. Shajara ya kweli ina mtu asiyejua kesho itakuwaje.

Kuna njia halali. Andika tarehe ya leo, kisha useme wazi kwamba unakumbuka ya nyuma. Halafu kusanya alama ulizoziacha bila kujua: picha za simu zina tarehe na saa, ujumbe uliomtumia fundi au rafiki una tarehe, risiti ya dukani ina tarehe, rasimu za kompyuta zina historia. Zipange kwa mfuatano, uandike chini ya kila moja kilichokuwa kinatokea. Utashangaa ni kiasi gani kinarudi. Kuanzia hapo, andika siku ileile. Na katika kigezo cha kutafakari unaweza kueleza kwa ukweli kwamba kupanga muda ndiko kulikokusumbua, na jinsi ulivyokurekebisha. Hilo nalo ni somo.

Ushahidi ni kitu gani? Picha inatosha?

Picha yako ukiwa umeshika kitu ulichomaliza, unatabasamu, ni kumbukumbu nzuri ya kumwonyesha bibi. Haithibitishi stadi. Kinachothibitisha ni kile kinachoonyesha mabadiliko au uamuzi: rasimu ya kwanza iliyokatwakatwa pamoja na ya pili, ratiba ya awali iliyofutwa na mpya pembeni yake, maswali uliyomwandikia mtu kabla ya mahojiano na yale uliyoyabadilisha baada ya kuona hajibu, jedwali la majaribio, barua ya kuomba nafasi karakana.

Mwanafunzi aliyekuwa anabuni kanga alinipa mfano ninaoutumia mpaka leo. Kanga ina sehemu tatu: pindo la pembeni, mji wa katikati, na jina, yaani maneno yake. Alichora miji sita. Badala ya kutuonyesha mji aliouchagua tu, aliweka yote sita katika picha moja, akaandika kwa penseli chini ya kila mmoja kwa nini aliuacha. Chini ya mmoja aliandika: "mama zangu wawili wamesema huu unafanana na pazia." Chini ya mwingine: "rangi tatu, ghali kuchapa." Picha moja, na ndani yake kuna ubunifu, kuna kupokea maoni, kuna kufikiria gharama.

Kisha ueleze. Ushahidi haujisemei. Uweke karibu na aya inayouzungumzia, uhakikishe unasomeka katika ukubwa utakaoupeleka. Ukurasa wa daftari uliopigwa picha gizani, maandishi hayaonekani, ni sawa na kutokuwepo.

Stadi inatakiwa ielezwe kwa lengo la kujifunza na kwa kitu nilichotengeneza. Si ni jambo moja?

Ni mambo mawili, na wengi hupoteza alama hapa. Lengo la kujifunza ni kile unachotaka kukijua au kukiweza wewe. Kitu cha kutengeneza ni kile ambacho wengine watakiona. Kwa binti wa mkate, fikra tunduizi zilimsaidia kuelewa uumukaji, hilo ni lengo. Lakini kijitabu kilihitaji stadi nyingine. Alimpa jirani rasimu apike huku yeye akikaa kimya pembeni akiandika kila mahali jirani aliposimama na kukuna kichwa. Jirani alikwama kwenye maneno "tia tui la kutosha." Akayafuta, akaandika vipimo. Hiyo ni mawasiliano, na ilihudumia kitu. Ukishindwa kuyatenganisha, gawa ukurasa wa shajara kwa mstari wima: kushoto "nimeelewa nini," kulia "kazi imesogea wapi."

Mradi naufanya peke yangu. Stadi za kushirikiana zitatoka wapi?

Hakuna afanyaye kazi peke yake kweli. Kuna aliyekuazima mashine, aliyekukosoa, aliyekataa kukusaidia ukalazimika kumwendea mwingine. Andika ulivyoomba, ulichojibiwa, na ulichobadilisha kwa sababu ya jibu. "Nilishirikiana na mjomba" hakusemi kitu. "Mjomba alisema rafu itainama, nikabisha, nikapima kwa kuweka vitabu kilo 8, ikainama, nikaongeza nguzo" kunasema.

Mwalimu wangu ni fundi asiyetumia maandishi. Nitamwekaje kwenye ripoti?

Swali hili nalipenda sana, kwa sababu ujuzi mwingi wa pwani yetu uko mikononi na midomoni mwa watu, na watoto huogopa kwamba usipokuwa kitabuni hauhesabiki. Unahesabika. Ila unahitaji uangalifu.

Kwanza adabu. Nenda na mtu anayekufahamisha, salimia, mweleze fundi unachofanya na kwamba maneno yake yatasomwa na watu wengine. Muulize kama anaridhia kurekodiwa na kama anataka jina lake litajwe. Akikataa kurekodiwa, usimrekodi kwa siri. Sikiliza, halafu ukitoka tu, kabla hujapanda daladala, kaa chini uandike.

Pili, rudia kwake ulichoelewa. Kijana mmoja alijifunza kuunda mfano mdogo wa ngalawa kwa fundi anayechonga ngalawa za kweli kutoka gogo la mwembe. Fundi hakuwa na rula. Alipima kwa shibiri (kiganja kilichotanuliwa, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho) na kwa mkono (kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole), na shibiri mbili ni mkono mmoja. Kijana alirudi shule na vipimo vya sentimita alivyovikisia kwa macho, mfano wake ukapinda upande mmoja. Alipomrudia, alifanya jambo la busara. Alipima shibiri ya fundi mwenyewe kwa rula, akaandika, kisha akagundua kwamba fundi hakujali urefu kamili hata kidogo. Alijali uwiano. Mrengu, ule mti wa pembeni unaozuia ngalawa isipinduke, uwe mikono kadhaa ukilinganisha na urefu wa chombo, basi. Kijana akaacha sentimita, akafanya kazi kwa uwiano, na hesabu za uwiano alizozisoma darasani zikamsaidia kuupunguza ule mfano hadi ukubwa aliotaka.

Katika shajara alichora mkono wa fundi na rula pembeni. Mchoro ule ulikuwa ushahidi wa utafiti, maana aliipima taarifa yake upya, na wa kuhamisha ujuzi, maana hesabu ya darasani iliingia karakana. Kwenye marejeo aliandika mazungumzo yale kama chanzo, na tarehe yake, kama ambavyo angeandika kitabu.

Naruhusiwa kuandika shajara kwa Kiswahili wakati shule inafundisha kwa Kiingereza?

Shajara ni yako. Andika kwa lugha unayofikiria nayo. Wanafunzi wengi wakiandika kwa Kiswahili huandika zaidi na hukiri zaidi, na mashaka yao huonekana. Ripoti itakuwa katika lugha uliyokubaliana na shule. Unaponukuu kipande cha shajara, weka tafsiri yako chini yake ili msomaji asipotee. Usifute Kiswahili chako ukaacha tafsiri peke yake. Kile cha asili ndicho ushahidi.

Je, hisia zangu ziingie? Naona aibu.

Kumudu hisia ni mojawapo ya stadi, kwa hiyo zina nafasi yake. Lakini hulazimiki kufungua kila mlango wa nyumba yako. Mtu aliyefiwa katikati ya mradi anaweza kusema kwamba familia ilipitia kipindi kigumu, akaeleza alivyopunguza kazi na kurudi polepole. Hapaswi kueleza msiba. Andika kile ulichofanya na hasira au uchovu: uliondoka ukatembea, ukaomba siku mbili, ukagawa kazi vipande vidogo. "Nilikata tamaa lakini sikukata tamaa" ni maneno matamu yasiyo na kitu ndani.

Kazi yangu imeharibika kabisa. Nimeshindwa mradi?

Hapana. Kigezo cha tatu kinakutaka utathmini kitu ulichotengeneza kwa vigezo vya mafanikio ulivyojiwekea mwenyewe mwanzoni. Kama ulisema mkate uwe na kimo cha sentimita 4 na ukapata 2, sema 2, sema kwa nini, na sema ungefanya nini. Msahihishaji anaheshimu ukweli uliopimwa. Asichokiheshimu ni vigezo hewa kama "mkate uwe mzuri," kwa sababu hakuna namna ya kujua ulishinda au ulishindwa.

Ripoti ni kurasa ngapi, na shajara yangu ina kurasa themanini?

Maandishi yasizidi kurasa 15, herufi zisiwe chini ya ukubwa wa 11, na pambizo zisipungue sentimita 2. Unaweza pia kuwasilisha kwa kurekodi, dakika 15, au kuchanganya, kwa mfano kurasa 9 na dakika 6. Marejeo hupelekwa peke yake na hayahesabiwi. Jalada usiweke, litakula ukurasa wako.

Kuhusu themanini kuwa kumi na tano: chukua kalamu ya rangi, soma shajara yote kwa siku moja, uweke alama mahali ulipobadilisha mawazo tu. Hutapata zaidi ya kumi. Panga ripoti kuzunguka hayo. Mengine, hata yakiwa yamekugharimu jasho, yaache. Najua inauma.

Dada yangu alifanya mradi huu zamani na ananiambia niambatanishe vipande kumi vya shajara mwishoni.

Dada yako hakukosea kwa wakati wake. Mwongozo wa zamani ulikuwa na vigezo vinne, jumla ya alama 32, na vipande vya shajara viliwekwa kama viambatisho. Siku hizi vigezo ni vitatu na ushahidi unaingia ndani ya ripoti yenyewe. Mshukuru, chukua moyo wake, lakini fuata mwongozo alio nao mratibu wako sasa.

Naweza kutumia akili mnemba kuandika tafakuri?

Kwa kuandika tafakuri, hapana. Programu ile haikusimama mbele ya bakuli lako saa nne za usiku. IB haijapiga marufuku zana hizi, lakini maandishi au picha yoyote iliyotoka huko lazima itajwe palepale ilipotumika na kwenye marejeo, na huwezi kuiita kazi yako. Ukiitumia kutafuta maswali ya kumwuliza fundi, weka maswali iliyokupa, onyesha uliyoyakataa na sababu. Hapo unaonyesha utafiti. Ikikuandikia "safari hii ilinifunza ustahimilivu," umebadilisha dhahabu yako kwa bati.

Mimi ni mzazi. Nimsaidie vipi bila kumfanyia kazi?

Mama, baba, mwulize jioni swali moja tu: "Leo umeamua nini?" Akijibu, mwambie aandike kabla hajalala. Mtafutie mtu wa kumfundisha, mpeleke, mlipie nauli. Mwache akosee. Mzazi anayeshika msumeno kwa sababu mtoto anachelewa anamnyang'anya ukurasa wa ripoti. Na tafadhali usisahihishe shajara yake. Ikiwa na makosa ya tahajia, iwe nayo.

Shule yetu haifuati IB. Haya yananihusu?

Yanakuhusu. Mtaala wa Umilisi wa Kenya una umilisi wa kimsingi saba, na mmojawapo ni kujifunza namna ya kujifunza. Nao unatumia miradi katika kumpima mwanafunzi. Mwanachuo wa Tanzania anayekwenda mafunzo kwa vitendo hujaza daftari la kazi la kila siku, na wengi hulijaza usiku wa mwisho. Kanuni ya uamuzi na sababu, siku ileile, inafanya kazi kote huko. Majina ya vigezo tu ndiyo yanayobadilika.

Nakutana na msimamizi wangu kesho kwa mara ya kwanza. Niende na nini?

Utajaza fomu ya uadilifu wa kitaaluma inayoonyesha angalau mikutano mitatu na msimamizi, kwa hiyo kesho ni tarehe ya kwanza kati ya hizo. Nenda na daftari, hata kama lina ukurasa mmoja. Usimpelekee mpango uliokamilika. Mpelekee jambo moja ambalo hujaliamua, na njia mbili unazozifikiria. Zungumzeni. Ukitoka nje ya mlango wake, simama hapo kwenye korido, andika mlichokubaliana na kile ambacho bado hukubaliani naye. Weka tarehe.